Kuchagua DNS ya bure: niliyojifunza katika nyumba ya wageni Lamu

Mgeni anayeshuka gatini Lamu kwa mara ya kwanza, akitafuta nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya Mkomani, huwauliza waliokaa barazani nao humwelekeza. DNS hufanya kazi hiyo hiyo katika intaneti: wewe huandika jina la tovuti, na seva ya DNS hukupa anwani ya nambari ambayo simu au tarakilishi yako itaiendea. Nimeanza na mfano huu kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu 8.8.8.8 na 1.1.1.1, yaani anwani za seva za DNS za bure za kampuni za Google na Cloudflare, hudhani kwamba nambari hizo huongeza kasi ya mtandao wenyewe, ilhali anayekuelekeza, hata akiwa mwepesi wa kujibu, hafupishi njia wala hakubebei mzigo.

Mimi ndiye ninayetunza mtandao wa nyumba ya wageni ya jamaa zangu, pamoja na wa nyumbani kwetu. Wageni walikuwa wakilalamika kwamba kuanzia saa moja jioni kurasa zinakawia kufunguka, lakini video ikishaanza huendelea bila kukatika. Dalili hiyo ndiyo iliyonielekeza kwenye DNS. Kama video nazo zingekuwa zinakatika, ningeangalia kwanza bando, au kuta zetu nene za mawe, ambazo hudhoofisha mawimbi ya ruta kiasi ambacho hakuna DNS itakayokusaidia.

Nilipima kwa programu ya dig kwenye tarakilishi ya Linux, ambayo huonyesha muda wa kila jibu kwa milisekunde. Nilihakikisha kwamba kila jina naliuliza mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza seva huenda ikalazimika kulitafuta kwingine, na mara ya pili hujibu kutokana na kumbukumbu yake. Nilirudia asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku kadhaa. Seva ya mtoa huduma wetu ndiyo iliyotangulia kujibu asubuhi, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi. Lakini usiku baadhi ya maombi hayakujibiwa kabisa, na kifaa kisipopata jibu hungoja sekunde nzima au zaidi kabla ya kuuliza tena. Hapo nilielewa kwamba tulikuwa tukiumia kwa majibu yaliyopotea, wala si kwa milisekunde chache za tofauti kati ya huduma moja na nyingine.

Usiamini jedwali la kasi lililotengenezwa mbali nawe. Huduma kubwa za DNS huweka anwani moja katika vituo vingi duniani, na ombi lako huishia kwenye kituo ambacho njia za mtoa huduma wako zinaelekea. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo ombi linalojibiwa Mombasa huenda na kurudi kwa milisekunde chache, na linalopelekwa umbali wa kilomita 7,000 haliwezi kurudi kabla ya milisekunde 70. Mtu wa Shela na mtu wa London wanaweza kuuliza 1.1.1.1 ile ile wakapata matokeo yasiyofanana hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo huathiri kasi kuliko DNS yenyewe. Google, iliyoanzisha huduma yake mwaka 2009, huweza kuipa seva ya tovuti sehemu ya anwani yako ili ikuelekeze kwenye nakala ya video au picha iliyo karibu nawe. Cloudflare, iliyozindua 1.1.1.1 mwaka 2018, kwa kawaida haifanyi hivyo, kwa kulinda faragha. Quad9, huduma nyingine ya DNS ya bure, nayo haifanyi hivyo kwenye 9.9.9.9, ila ina 9.9.9.11 kwa wanaoihitaji sifa hiyo. Ukibadilisha DNS, kisha video zikawa nzito kuliko awali, shuku hapo kwanza.

Kwa nyumba ya wageni nilichagua 9.9.9.9, kwa sababu Quad9 huzuia majina yanayojulikana kueneza programu hasidi na ulaghai, na wageni huja na vifaa ambavyo siwezi kuvikagua. Nyumbani, ambako kuna watoto, nimeweka 1.1.1.3, ambayo huzuia pia maudhui ya watu wazima. OpenDNS ina huduma inayofanana na hiyo kwenye 208.67.222.123.

Hapa nilifanya kosa ambalo naomba ulikwepe. Katika nafasi ya DNS ya pili niliweka 8.8.8.8, nikidhani kwamba itatumika tu ile ya kwanza ikizimika. Kifaa kina hiari ya kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo kizuizi kilikuwa kikifanya kazi leo na kesho kikakosekana. Jozi ya 1.1.1.3 ni 1.0.0.3, na jozi ya 9.9.9.9 ni 149.112.112.112; usichanganye yenye kizuizi na isiyo nacho.

Mwisho ni simu. Tangu Android 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha, ambapo unaandika jina kama dns.quad9.net na maombi yako yakasimbwa ili aliye njiani asiyasome. Ninaupendekeza kwa yeyote anayetumia mtandao wa hoteli au wa mkahawa, ila ukurasa wa kuingia wa mtandao huo ukikataa kufunguka, rudisha mpangilio kwenye hali ya kiotomatiki, ingia, kisha uweke jina lako tena. Mzazi naye aukague kwenye simu za watoto, kwa maana simu yenye jina lake la DNS haifuati tena ile uliyoiweka kwenye ruta.