Hesabu sekunde za kurudi: kwa anayeanza kazi na Labrador na Golden

Ukiajiriwa kwenye kituo kinachozalisha mbwa wasaidizi, yaani mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, wiki ya kwanza utashika ndoo na brashi, baadaye utapewa saa na daftari. Hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu. Kusafisha banda mtu hujifunza kwa siku mbili. Kumtazama mtoto wa mbwa wa wiki 7 na kusema huyu aendelee kwa ajili ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu, yule akaishi na familia yenye watoto watatu, ni jambo linalotaka jicho lenye mazoezi.

Kwanza futa kichwani sifa za mbwa wa getini. Wengi tumekulia penye kibao cha "Mbwa Kali", kwa hiyo mtoto anayembwekea mgeni tunamwona hodari. Huku anaandikiwa alama ya tahadhari. Labrador na Golden Retriever walizalishwa ili wafuatane na mwindaji wa ndege: wakae kimya kando yake, wasikie bunduki bila kutoroka, waingie majini, wamlete bata mkononi bila kumtafuna. Wazee wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Golden alianzia Guisachan, Scotland, ambako Lord Tweedmouth alimpandisha dume wa manjano aliyeitwa Nous kwa jike aliyeitwa Belle, akapata uzao wa mwaka 1868. Mdomo mwororo, hamu ya kubeba vitu, uvumilivu wa kishindo na tabia ya kumtazama mtu kabla ya kuamua, yote yametoka kwenye kazi ile ya bata. Leo mbwa huyohuyo anaokota funguo sakafuni na kumpa mtu asiyeweza kuinama.

Kuna sifa ya tano ambayo wageni huisahau: kuhama mkono, yaani kubadili mtu anayemtunza bila kuumia. Mbwa wanne wa kwanza kuwaongoza wasioona Uingereza, mwaka 1931 huko Wallasey, walikuwa German Shepherd. Siku hizi Labrador, Golden na machotara wao ndio wengi. Mbwa msaidizi huondoka kwa mzalishaji, akaenda kwa mlezi wa kujitolea, akapelekwa kwa mkufunzi, kisha kwa mwenye kumhitaji. Ni nyumba nne kabla hajatimiza miaka mitatu. Mbwa anayempenda mtu mmoja mpaka anakataa kula asipokuwepo ni mbwa mzuri sana wa nyumbani, lakini kazi hii itamuumiza.

Sasa tuje kwenye kipimo cha sufuria.

Andaa chumba ambacho watoto hawajawahi kuingia, kama mita 3 kwa 4, kisicho na harufu ya mama yao. Anayepima asiwe anayewalisha. Mlete mtoto mmoja mmoja, mweke katikati, mwache anuse. Akishatulia kidogo, mtu wa pili anaangusha sufuria nyepesi yenye funguo ndani, kutoka usawa wa goti, mita 2 nyuma ya mtoto. Bonyeza saa.

Tuseme wa kwanza ni Nyekundu (watoto huitwa kwa rangi ya utepe wa shingoni, na majina yaachiwe watakaowachukua). Anaruka. Mkia unashuka, anarudi nyuma hatua tatu, anasimama. Sekunde ya 4 shingo inanyooka. Sekunde ya 7 mguu wa mbele unasogea. Sekunde ya 11 pua iko ndani ya sufuria na mkia umeshaanza kuyumba. Anafuata Kijani. Sufuria inaanguka, haruki kabisa. Anageuza kichwa, analala chini, basi. Mgeni ataandika: "Kijani jasiri, Nyekundu mwoga."

Mtazame Kijani tena. Anapiga miayo ingawa ametoka kulala. Analamba pua kila baada ya muda mfupi. Mpe punje ya chakula: anaigeuzia uso, na huyu ni Labrador! Utulivu wake ni wa kuganda. Nyekundu alishtuka akarudi. Kijani alishtuka akabaki hukohuko. Kati ya hao wawili, Nyekundu ndiye wa kuendelea naye.

Kushtuka peke yake hakumpunguzii mtoto alama. Hesabu sekunde anazotumia kurudi, kisha baada ya dakika moja iangushe sufuria tena. Mtoto anayefaa mara ya pili hushtuka kwa kiasi kidogo kuliko ya kwanza na kurudi haraka zaidi. Ambaye mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, mpigie mstari daftarini, maana kila kelele inamwongezea deni. Huyo ndiye ambaye akiwa na miezi 14 atakataa kupanda basi kwa sababu mlango wake unatoa pumzi.

Vipimo vingine ni vyepesi. Tupa karatasi iliyokunjwa, uone kama anaifuata, anaiokota, anarudi nayo upande wako au anakimbilia nayo pembeni. Fungua mwavuli polepole ukiwa mita moja na nusu kutoka kwake. Mlaze chali mapajani kwa sekunde 30: kupigana kidogo kisha kulegea ni kuzuri, kupigana mfululizo au kuwa kama gogo, andika. Bana taratibu ngozi iliyo kati ya vidole vya mguu wa mbele ukihesabu hadi 10, na uachie mara tu anapouvuta mguu. Asiyejali kubanwa mara nyingi atavuta kamba sana akikua. Anayelia kwenye 2 huenda akaudhika na mkanda wa kifuani. Mwisho weka punje chini ya kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, ukikishikilia. Anayehangaika kidogo kisha akainua macho kukutazama amekuambia jambo kubwa: shida ikimshinda, humtafuta mtu.

Vipimo huharibika kwa mambo madogo. Mtoto aliyekula sasa hivi ana usingizi, na usingizi hufanana na ustahimilivu. Siku mbili baada ya chanjo usipime. Mwenzake akikojoa kwenye zulia, futa vizuri kwanza, la sivyo utampima anayenusa mkojo. Anayepima asiseme "pole, pole" kwa sauti ya huruma sufuria inapoanguka, maana hapo saa inapima sauti yako. Na hata ukifanya yote sawasawa, kipimo cha wiki 7 hakimtabiri mbwa mzima kwa uhakika. Kinakuonyesha mtoto huyu aanze malezi upande gani: nani apewe mlezi wa mjini penye kelele, nani aanzie kijijini kwa miezi miwili.

Tabia haianzii wiki ya 7. Wiki mbili za mwanzo mtoto haoni wala hasikii, na joto lake mwenyewe hajaliweza, kwa hiyo sanduku la kuzalia liwe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza. Wapime uzito kila siku kwa gramu. Kufikia siku ya 10 hivi uzito uwe umekaribia mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 14. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 ndipo dunia inapoingia kichwani: sakafu za aina mbalimbali, mashine ya kufulia, wanaume wenye ndevu, magongo, watoto. Karibu na wiki ya 8 hadi ya 10 wengi hupita kipindi cha woga, na bahati mbaya ndiyo wiki wanayohamishwa. Safari ya kwanza ya gari iwe fupi, tumbo likiwa tupu, na daktari wa mifugo asiwe kituo chao cha kwanza.

Mtazameni mama pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia watoto 98 wa mama 23 kwenye The Seeing Eye, kituo cha mbwa wa kuongoza wasioona huko New Jersey, Marekani, uliona kwamba watoto wa mama waliowakumbatia na kuwalamba kupita kiasi hawakufanikiwa sana mafunzoni kama wengine, na wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamekaa au wamesimama, mtoto akalazimika kujinyoosha ili apate ziwa, walifanya vizuri zaidi. Msisome hapo kwamba mama awe mkali. Ila mgeni mwenye huruma, anayembeba mtoto na kumwekea titi mdomoni kila anapolia, anamnyima jasho lake la kwanza. Mtoto mwenye afya anayeongezeka gramu, mwache atambae. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo, huyo msaidie na umpigie daktari.

Chakula kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu Labrador na chakula wana mkataba wao. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana upungufu kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo POMC, unaomfanya ahisi njaa zaidi kati ya mlo na mlo. Kati ya Labrador wasaidizi waliopimwa, asilimia 76 walikuwa nao. Inaelekea mbwa anayefanya lolote kwa punje moja ndiye hufundishika kirahisi, na wazalishaji wamekuwa wakimchagua bila kujua wanachagua njaa. Ndiyo maana mbwa yuleyule anayewasha taa kwa pua ndiye anayelamba lami chini ya kibanda cha chipsi. Pima chakula cha siku nzima asubuhi kwa mizani, kwa gramu, kikombe hudanganya. Kama ni gramu 300, toa 60 weka mfukoni kwa mafunzo, zilizobaki ndizo za bakuli. Zawadi ni punje moja, hata akifanya maajabu. Ukipapasa mbavu uzihisi bila kukandamiza. Usipozihisi, punguza leo, usisubiri daktari aseme. Nyonga za mbwa hawa tayari zina mashaka yake, na ndiyo sababu wazazi hupigwa picha za nyonga na viwiko kabla ya kupandishwa.

Golden kwa kawaida huchukulia sauti kwa uzito zaidi. Ukimfokea Labrador kijana anaweza kutikisa mkia na kuendelea. Golden wengi watakuja kuomba radhi, kisha kwa dakika kumi hawatajaribu jambo jipya. Kwa mkufunzi mwenye haraka hilo ni hasara. Pia angalia Golden anayeganda juu ya soksi aliyoiba, mwili mgumu, macho pembeni. Usimnyang'anye. Badilishana naye kwa punje, mara ishirini, mpaka kukuletea kitu kuwe na faida kuliko kukilinda. Anayenyang'anywa hujifunza kumeza haraka, na soksi iliyomezwa ni upasuaji. Hata hivyo usimpange mbwa kwa kabila lake. Ndani ya uzao mmoja utakuta tofauti kubwa kuliko baina ya aina hizi mbili.

Walezi hukaa nao kuanzia wiki ya 8 hadi miezi 14 au 18. Kosa lao kubwa ni kudhani kumzoesha watu maana yake ni kila mtu amshike. Mtoto akiguswa na watu hamsini kwa wiki, anajifunza kwamba kila anayepita ni sherehe, na akikua atamvuta mwenye kiti cha magurudumu kuelekea kila sherehe. Waambie walezi: watu kumi wapite bila kumgusa, mmoja aruhusiwe, tena mbwa akiwa miguu yote minne chini. Zoezi la kukaa bure lina thamani kuliko wanavyodhani. Kaeni naye kwenye benchi la kituo cha basi dakika 20 bila kufanya chochote. Anayeweza kulala usingizi hapo ana nusu ya kazi mkononi.

Mbwa wengi, karibu nusu kwenye vituo vingi, hawamalizi. Katika orodha ya sababu, woga, kuvutwa na mbwa wengine, kuokota vyakula na kichefuchefu cha gari hujirudia sana. Hayo hayamfanyi asifae. Anayempenda kila mgeni anafaa nyumba yenye watoto. Mwenye kujiamulia mambo anafaa kuongoza asiyeona, maana kiongozi lazima akatae amri ya "twende" gari linapokuja. Mpole anayependa kukaa karibu na kuokota vitu anafaa mwenye ulemavu wa mikono. Familia isipewe yule mwenye nguvu kuliko wote kwa sababu tu ndiye aliyewakimbilia mlangoni. Wa kwanza kukimbia huwa wa mwisho kulala.

Kuhusu daftari: sifa ni hukumu, andika ulichokiona. "Mwoga" haimsaidii mkufunzi. "Alirudi nyuma hatua tatu, mkia chini, aligusa sufuria sekunde ya 11, mara ya pili sekunde ya 5" inamsaidia. Dodoso la tabia za mbwa liitwalo C-BARQ, lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kutumiwa na vituo vingi, hufuata njia hiyo: linauliza tukio moja moja, na mlezi anajibu kwa alama 0 hadi 4.

Mbwa anapokabidhiwa kwa familia, nakala ya kurasa zake iende naye. Juu kabisa ziwekwe gramu za chakula kwa siku, kelele anazochukua muda mrefu kurudi kutoka kwazo, kitu anachopenda kubeba, na neno analolijua la kuachia. Kama neno hilo ni "lete", andika "lete". Wasipoambiwa watasema "toa", "acha" na "hebu" kwa pamoja, na soksi itamezwa usiku wa kwanza.