Barua ya mnada, nyumba ya Fuoni

Sheikh, miezi mitatu hujarejesha mkopo wa benki na barua ya mnada ishakufika, basi usikimbilie kupeleka laki mbili kaunta. Kwa kawaida hukatwa faini na riba mwanzo, msingi wa deni hausogei. Omba kwanza taarifa ya mkopo inayotenganisha vyote vitatu. Kisha andika barua kuomba marejesho yapangwe upya, ambatisha slipu ya mshahara, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ahadi ya mdomo ya afisa mikopo haizuii mnada! Ile notisi ya siku 60 uliyotajiwa ni ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ya Bara hiyo. Huku Zanzibar mpe wakili mkataba wa rehani ausome. Ikishindikana, omba idhini uuze mwenyewe, mnadani bei huanguka.