Mbegu kutolewa kwenye korodani kwa upasuaji: yafaa?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Niko Kondoa, ndoa yangu ina miaka sita bila mtoto. Nimepimwa manii mara mbili, haikuonekana hata mbegu moja. Daktari anasema zinaweza kutafutwa ndani ya korodani kwa upasuaji, kisha zichanganywe na yai la mke wangu maabara. Mama anasema huko ni kushindana na kadari, heri nitumie mbegu za mdogo wangu, "damu ni ile ile". Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mama, kwa heshima zake zote, kalikataa la halali akalipitisha la haramu.

Kutafuta tiba hakupingani na kadari. Mtume (s.a.w.) aliwaambia mabedui wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Muulize daktari: korodani inazalisha ila mrija umeziba, au yenyewe ndiyo dhaifu? Kwenye kuziba, mara nyingi sindano ya kuvuta mbegu hutosha. Kwenye udhaifu hupasua na kutafuta kwa darubini, na anaweza kutoka mikono mitupu. Ikipatikana, mbegu moja hudungwa ndani ya yai, njia iliyozaa matunda Brussels mwaka 1992.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Amman, Jordan, mwaka 1986, ilichambua njia saba za upandikizaji mimba. Tano zikaharamishwa, nyingi kwa kuingiwa na mtu wa tatu. Mbili zikaruhusiwa panapo haja, mbegu na yai vikiwa vya mume na mke. Yako imo humo. Uchi hufunuliwa kwa kadiri ya haja tu, na mkeo atafutiwe daktari mwanamke akipatikana.

Sasa mdogo wako. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume kuingia kwa mke, alijibu: "Shemeji ni mauti." Hapo ni kuingia chumbani tu, sembuse mbegu yake kuingia tumboni! Na mtoto atamrithi nani, wewe au huyo unayemwita baba mdogo? Hilo haramu, hata mkikubaliana wote watatu.

Kabla ya kuuliza bei (na usikope kwa riba), uliza kichupa chako cha mbegu kitalindwaje kisichanganywe na cha mwingine. Zikigandishwa za akiba, andikisha zisitumike ukifa au ndoa ikivunjika, maana hapo hakuna tena mume na mke. Karatasi hiyo isainiwe kabla hujapanda kitanda cha upasuaji.