Flamenco ni ngoma ya nani?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nipo Uyole hapa Mbeya, juzi nimeona klipu ya mama wa Kihispania anacheza flamenco, visigino vinalia kama mvua ya mawe kwenye bati, nikairudia mara kumi. Wenzangu hosteli wanabishana, huyu anasema ya Waarabu, yule ya Wagipsi. Ukweli upi? Na eti lazima uzaliwe kwenye ukoo wa wachezaji?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wote wana kipande cha ukweli. Flamenco imezaliwa Andalucía, kusini mwa Hispania, mitaa kama Triana kule Sevilla, na miji ya Jerez na Cádiz. Waislamu walitawala upande huo karne kibao mpaka Granada ikaanguka 1492, Wayahudi walikuwepo, wenyeji nao na ngoma zao za fandango, halafu Wagipsi, kule wanaitwa Wagitano, asili yao India, walifika Hispania karne ya 15. Hao waliteswa jamani, sheria za kuwabana zilianza 1499, na 1749 serikali ikawakamata kwa maelfu, wanaume wakatengwa na wanawake. Mi nikisikia martinete, ule wimbo wa wahunzi usio na gitaa, mwili wote unasisimka.

Sasa ukoo, hapo ndo patamu. Mtoto anakulia kwenye sherehe za nyumbani, bibi anapiga makofi, mjomba yupo na gitaa, anayashika mapigo 12 ya bulería, mtindo wa flamenco wa haraka haraka, kabla hajajua kusoma. Ukoo wa Farruco wa Sevilla ndo hivyo, mzee El Farruco, binti yake La Farruca, mjukuu Farruquito, wote wachezaji. Mi naona ni kama lizombe kwa wajomba zangu Songea, hakuna aliyefundishwa ubaoni, unasimama nyuma ya wakubwa unaiga miguu mpaka inakuingia.

Ila siyo lazima uzaliwe humo. Mchezaji Antonio Gades hakuwa Mgitano, wala hakuzaliwa Andalucía, na dunia nzima ikamjua kwa flamenco. Kwa hiyo usiogope, ila usikimbilie viatu, anza na makofi. Hesabu mpaka 12 taratibu, mkazo uweke kwenye 3, 6, 8, 10 na 12, hiyo ni soleá, mtindo wa flamenco wa taratibu, rudia kila jioni mpaka uache kuhesabu.