Anza na mialo unayoijua

Wiki hii kijana mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ameniandikia kuhusu ramani yake ya mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki: "Shikamoo kaka. Nimetengeneza ramani ya mialo ya Ukerewe, lakini pointi zote zimeenda kukaa Moroko. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Vipimo vyako ni vizima, mpangilio ndio umegeuka. GeoJSON, aina ya faili la kuhifadhia pointi za ramani, huanza na longitudo, ndipo ifuate latitudo. Leaflet, programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, ukiiandikia pointi kwa mkono, inataka latitudo kwanza. Ukerewe ipo kwenye latitudo -2.05 na longitudo 33.0 hivi, zigeuze, unatua mashariki mwa Moroko. Mpangilio ukiwa sawa lakini ukasahau alama ya kutoa, unaangukia kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Pointi zikipotea, tazama zimepotelea wapi, utajua kosa liko wapi.

Mimi nilianza na ukurasa mmoja: ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze hapa Mwanza, ukibonyeza pointi unaona bei ya ndoo ya dagaa. Nikaupeleka ofisi moja hapa mjini. Mkubwa mmoja akautazama kwenye simu yangu, akauliza, "Ndiyo hii tu?" Kazi akapewa mwingine, na ukaja mfumo mzito wenye mapicha kibao. Wachuuzi wa Kirumba wakijaribu kuufungua, kiduara kinazunguka weee, mpaka wanaachana nao. Swali lile bado linaniuma. Lakini leo akina mama wa dagaa wanafungua ukurasa wangu kujua bei ya Igombe kabla hawajapoteza nauli. Najivunia hilo, wala sifichi.

Ndiyo maana nasisitiza wepesi. Leaflet yenyewe, ikishabanwa, ni kama kilobaiti 42 tu. Tarakimu 5 baada ya nukta zinakupa usahihi wa kama mita 1. Hizo 14 ulizoziacha kwenye faili ni za nini? Zikate. Bando ni pesa ya mtu! Vijana, acheni kukimbilia mapambo. Ukiwa na pointi tatu za uhakika, weka hizo tatu. Jina la mwalo kamuulize mvuvi, usilitunge ukiwa mezani. Na yale maandishi ya OpenStreetMap kwenye kona ya chini msiyafute. Leseni inataka wachoraji watajwe, na wengi wao wamejitolea bila kulipwa hata senti.