Mtoto karudishwa nyumbani kwa pesa za mlinzi
Pole, dada wa Likoni. Umeniandikia kuwa mwanao wa darasa la tano amefukuzwa shuleni kwa kukosa mchango wa kumlipa mlinzi wa shule. Hilo ni kosa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 kinakataza shule ya umma kumnyima mtoto masomo kwa kukosa mchango, hata ulioidhinishwa. Kesho mrudishe mwenyewe. Mwombe mwalimu mkuu kwa upole barua inayoidhinisha mchango huo. Bila risiti rasmi usitoe hata shilingi. Akikataa, mwandikieni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, mbaki na nakala yenye muhuri. Sainini wazazi wengi, maana mzazi akienda peke yake, mwanawe ndiye hutazamwa vibaya darasani. Mtoto akichapwa au kutishwa, tafuta wakili upesi.