Waliobaki ng'ambo ya Berezina

Ndugu, umeuliza kwa nini Wafaransa walichoma madaraja ya Berezina, mto wa Belarus ya leo, mwaka 1812, jeshi la Napoleon likirudi kutoka Moscow, wakati maelfu ya watu wao walikuwa bado ng'ambo. Hapana, si kwamba walitupwa tu.

Marshal Victor alikaa ukingo wa mashariki na kikosi cha nyuma, wengi wao Wajerumani wa Baden na Berg pamoja na Wapoland, akawazuia Warusi wa Jenerali Wittgenstein kutwa nzima ya tarehe 28 Novemba. Alivuka usiku, baada ya giza kuingia. Usiku huohuo madaraja yalikuwa karibu matupu! Jenerali Eblé, aliyeyajenga, aliwasihi waliobaki wavuke. Wengi hawakuondoka kwenye mioto yao. Baridi na njaa vilikuwa vimewamaliza, nami siwezi kuwalaumu. Asubuhi ya tarehe 29 Eblé alichelewesha amri kadiri alivyoweza, kisha ikabidi achome, maana Warusi wangevuka nyuma ya jeshi. Hapo ndipo watu walipokimbilia daraja linalowaka.

Wanaoniuma zaidi ni mafundi wake, takriban 400, wakiwemo Waholanzi. Walibomoa nyumba za kijiji cha Studzianka kupata mbao za madaraja, wakasimama mtoni maji yakiwafika kifuani, vipande vya barafu vikiwagonga, na daraja la mizinga lilipokatika wakaingia tena majini. Wachache sana walirudi kwao. Eblé mwenyewe alifariki mwisho wa Desemba mwaka huohuo.